Ukurasa wa Mwongozaji, Karatasi ya Mpigaji

Fungua partitura ya Simfonia ya Tisa ya Beethoven pale mwishoni, kwaya inapoimba pamoja na okestra nzima. Ukurasa mmoja unabeba zaidi ya safu ishirini za mistari mitano. Filimbi ziko juu, chini yake obo, klarineti na fagoti, halafu pembe za shaba, tarumbeta na tromboni, halafu ngoma, waimbaji wanne na kwaya, na chini kabisa fidla mpaka besi. Nota zinazolia kwa wakati mmoja zimesimama wima, moja chini ya nyingine. Ukumbini, anayeutazama ukurasa huo ni mwongozaji peke yake. Anayepiga pembetatu ya chuma ana karatasi yake, yenye nota chache na tarakimu za kumwambia ahesabu vipimo vingapi kabla ya kugonga.

Kwa hiyo kazi moja ya okestra ni machapisho mawili: partitura, na rundo la karatasi za wapigaji. Kwa zaidi ya miaka mia nne mawili hayo yalitengenezwa mbalimbali, mara nyingi na mikono tofauti. Sehemu kubwa ya makosa, gharama na ugomvi katika historia ya uchapaji wa muziki imetokana na jambo hilo.

1501–1609: Vitabu bila partitura

Mwaka 1501, mjini Venice, Ottaviano Petrucci alitoa kitabu cha nyimbo 96 kiitwacho Harmonice Musices Odhecaton. Miaka mitatu kabla, watawala wa jiji walikuwa wamempa haki ya kuwa mchapaji pekee wa muziki wa sauti nyingi kwa miaka 20, na ukitazama njia aliyotumia utaelewa kwa nini aliihitaji kinga hiyo. Karatasi ile ile ilipita mtamboni zaidi ya mara moja: mistari mitano kwa zamu yake, nota na maneno kwa zamu nyingine. Ikisogea hata milimita moja, sol inasomeka la. Kurasa zake zilizosalia zimenyooka kiasi cha kumtia wivu mtu mwenye printa ya leo.

Unadhifu huo ulikuwa ghali. Paris, mwaka 1528, Pierre Attaingnant alitoa nyimbo zilizochapwa kwa njia ya mkato. Kila kipande cha chuma kilibeba nota pamoja na kijisehemu chake cha mistari mitano. Vipande vikapangwa kama herufi za kawaida, na karatasi ikapita mtamboni mara moja tu. Mistari ilionekana kukatikakatika kila vipande viwili vilipokutana, lakini bei ilishuka, na Ulaya ikaukubali ubaya huo kwa zaidi ya karne.

Petrucci na Attaingnant wote wawili waliandika kila sauti peke yake, ama kwenye pembe yake ya ukurasa, ama kwenye kitabu chake. Hapakuwa na mtu aliyesimama mbele akihitaji kuziona zote kwa pamoja, waimbaji walisikilizana. Partitura iliyochapwa ilipotokea, mara nyingi ilikuwa kumbukumbu ya heshima. Opera ya L'Orfeo ya Claudio Monteverdi iliigizwa Mantua mwaka 1607, na miaka miwili baadaye Ricciardo Amadino wa Venice akachapa partitura yake, orodha ya ala ikiwa mwanzoni. Kitabu hicho kiliupamba ukoo uliotawala Mantua zaidi ya kumsaidia mpiga fidla yeyote.

Karne ya 18: Bamba, muhuri na nyundo

Kilichovunja utawala wa herufi za chuma ni fidla. Muziki wake ulijaa nota za kasi zinazofungwa pamoja kwa mstari mnene juu ya mikia, na vipande vya Attaingnant havikuweza kuzifunga. Kila nota ilisimama na kibendera chake, msomaji akachoka. Kuchonga nota kwenye bamba la shaba kulikuwa kumeanza Roma katika miaka ya 1580, ila shaba ni ngumu na kazi yake ni ya polepole. Karibu na mwaka 1700, John Walsh wa London akageukia bamba laini la aloi ya bati, na mihuri ya chuma ya kugonga kwa nyundo. Njia hiyo ilidumu, pamoja na marekebisho yake, karibu miaka mia tatu.

Inafaa kumtazama mchongaji akiwa kazini, maana kila programu ya leo ya kompyuta ya kuandika nota inajaribu kumwiga. Alianza kwa hesabu. Aligawa vipimo kwa kurasa, na kama ni karatasi ya mpigaji alijua kwamba mwisho wa ukurasa wa kulia sharti uangukie mahali ala inaponyamaza, mkono upate kugeuza. Kisha alikivuta juu ya bamba chombo chenye meno matano, na mistari mitano ikatokea kwa mkupuo mmoja. Akatia alama nyepesi mahali pa kila nota. Hapo ndipo ufundi ulipokuwa: nota yenye muda mara mbili haipewi nafasi mara mbili, la sivyo ukurasa utakuwa na mashimo, hupewa kidogo zaidi ya jirani yake, na hicho kidogo kilipimwa kwa jicho lililozoea. Vichwa vya nota, funguo na alama za kupandisha sauti viligongwa kwa mihuri. Mikia, mistari minene na pinde zilikatwa kwa mkono. Yote yalifanywa kinyume, kulia kwenda kushoto, ili yasomeke sawasawa yakishachapwa. Akikosea, aligeuza bamba, akaligonga kwa nyuma mpaka tundu lijae, akalisawazisha na kuchonga upya. Ukurasa mmoja wa okestra kubwa ungeweza kumla siku nzima.

Kwa gharama hiyo, nani angechonga partitura nzima? Wanunuzi walikuwa watu wa nyumbani waliotaka nyimbo mbili tatu za kuimba kwa kinanda. Messiah ya Handel ilisikika Dublin mwaka 1742, ikawa maarufu kuliko karibu kazi nyingine yoyote Uingereza, lakini partitura yake kamili ilichapwa mwaka 1767, Handel akiwa kaburini miaka minane. Huko Leipzig, Johann Gottlob Immanuel Breitkopf alijaribu kuzifufua herufi za chuma kwa kuvunja kila nota kuwa vipande vidogo zaidi: kichwa, mkia, kijisehemu cha mstari. Mwaka 1756 alichapa hivyo opera nzima iliyotungwa na Maria Antonia Walpurgis, mke wa mrithi wa kiti cha Saksonia. Kazi ilipendeza. Kupanga vipande vyote hivyo, hata hivyo, kulihitaji subira ya ajabu, na mwishowe nyundo ndiyo iliyoshinda.

1816–1845: Mtu anasimama mbele

Wakati wa Haydn simfonia iliuzwa kama karatasi za wapigaji tu. Aliyeongoza aliketi kwenye kinanda au alishika fidla ya kwanza, akisoma karatasi yake kama wenzake. Okestra zikakua, muziki ukawa mgumu, na ikabidi mtu asimame mbele bila ala yoyote mikononi. Huyo alihitaji kuona kila kitu. Mwaka 1816 kampuni ya Steiner ya Vienna ilipotoa Simfonia ya Saba ya Beethoven, ilitoa partitura na karatasi za wapigaji kwa pamoja, jambo ambalo simfonia zake zilizotangulia hazikuwahi kufanyiwa zilipotoka mara ya kwanza.

Mabadiliko hayo yalikuja taratibu, na kabla ya chapa palikuwa na wanakili. Kila onyesho la kwanza lilitegemea watu waliokesha wakinakili kwa wino kutoka mswada wa mtunzi: karatasi moja kwa kila ala, na kwa fidla nakala kadhaa, maana wapigaji wawili husoma kutoka meza moja. Mswada wa Beethoven ulikuwa msitu wa mifuto. Alimtegemea mnakili mmoja, Wenzel Schlemmer, aliyeweza kuusoma, na Schlemmer alipofariki mwaka 1823 balaa likaanza. Simfonia ya Tisa ilipigwa Mei 1824 kutokana na karatasi zilizopita mikononi mwa watu kadhaa. Mwaka uliofuata mnakili Ferdinand Wolanek, aliyechoshwa na makaripio, alimwandikia Beethoven barua ya kuacha kazi. Beethoven aliikata kwa mistari mikubwa ya wino na kujaza matusi juu yake. Barua hiyo ipo mpaka leo, na kwa maoni yangu inaeleza historia ya uchapaji wa okestra vizuri kuliko vitabu vingi: mtunzi alikuwa na haki ya kulalamikia makosa, na mnakili alikuwa na haki ya kulalamikia mwandiko. Hata wangepatana, kila sahihisho kwenye partitura lilipaswa kurudiwa kwenye karatasi za wapigaji, moja baada ya nyingine, na moja ingesahauliwa.

Schott wa Mainz alichapa Simfonia ya Tisa mwaka 1826. Hector Berlioz, aliyejua vizuri kazi ya kuongoza okestra, alikaa na Symphonie fantastique yake miaka 15 baada ya onyesho la 1830 kabla partitura haijachapwa mwaka 1845.

1846–1943: Leipzig

Bamba laini lina kasoro moja kubwa: linachakaa kila karatasi inapobanwa juu yake. Dawa ilikuwa imepatikana mapema, mwaka 1796, kwa mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine. Alois Senefelder wa Munich aliandika michezo ya kuigiza na hakuwa na pesa za kuichapisha. Akagundua kwamba ukichora kwa wino wa mafuta juu ya jiwe la chokaa, kisha ukalilowesha, wino wa kuchapia utashika penye mafuta na kukataa penye maji. Muziki ulikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza alivyochapa. Wachapaji wa baadaye waliunganisha njia mbili hizo. Mchongaji aliendelea na bamba lake, ikatolewa nakala moja safi, na nakala hiyo ikahamishiwa kwenye jiwe, ambalo lingeweza kutoa maelfu bila bamba kuguswa tena.

Aliyeigeuza mbinu hiyo kuwa kiwanda ni Carl Gottlieb Röder, aliyefungua karakana yake Leipzig mwaka 1846. Kufikia mwisho wa karne ilikuwa miongoni mwa karakana kubwa kabisa za kuchonga na kuchapa muziki duniani, ikifanyia kazi wachapishaji wa nchi nyingi. Breitkopf & Härtel na Peters walikuwa jirani zake. Bei ilishuka kiasi kwamba Ernst Eulenburg, kutoka jiji hilo hilo, aliweza kuuza partitura ndogo za mfukoni, na mwanafunzi asiye na uwezo akaketi juu kabisa ukumbini akifuata kwa macho kile ambacho zamani alikiona mwongozaji peke yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Desemba 1943 ndege za Uingereza zililipua mtaa wa wachapaji wa Leipzig. Mabamba yaliyokusanywa kwa vizazi yakaungua pamoja na maghala ya karatasi. Ufundi wenyewe haukufa siku hiyo. Kampuni ya Henle, iliyoanzishwa Munich mwaka 1948, iliendelea kuwatumia wachongaji mpaka mwishoni mwa karne. Ila kitovu kilikuwa kimevunjika.

Karne ya 20: Kwa mkono tena

Muziki mpya wa okestra ulizidi kuwa mgumu huku wanunuzi wakipungua. Wachapishaji wakaacha kuchonga karatasi za wapigaji na kuanza kukodisha seti chache zilizonakiliwa kwa mkono. Mnakili aliandika kwa wino mweusi juu ya karatasi inayopenyeza mwanga, na nakala zikatolewa kwa mashine zile zile walizotumia wachora ramani za majengo. New York na Hollywood zilikuwa na vyumba vilivyojaa wanakili waliofanya kazi usiku kucha ili muziki wa filamu urekodiwe asubuhi. Ukitoa umeme wa taa, Schlemmer angejisikia nyumbani.

Kwetu Afrika Mashariki ugumu wa kuchapa mistari mitano ulikuwa na matokeo ya aina nyingine. Katika miaka ya 1840 Mwingereza John Curwen alieneza nota za herufi, d, r, m na nyingine, zilizotenganishwa kwa nukta na mistari midogo. Mtambo wowote wa kuchapa ungeweza kuzitoa, hata taipureta. Wamisionari walizibeba, na kwaya nyingi za Kiprotestanti kutoka Uganda hadi Tanzania bado zinaimba kwa hizo. Kwa sauti nne zinatosha kabisa. Kwa okestra ya safu thelathini, hapana.

1963–1988: Kompyuta inafundishwa kusoma

Majaribio ya kwanza yalianza Marekani miaka ya 1960. Stefan Bauer-Mengelberg, aliyekuwa pia mwongozaji wa okestra, alibuni mfumo wa kuandika nota kwa herufi na tarakimu ili ziingizwe kwenye kompyuta kwa kadi. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, profesa wa muziki Leland Smith alitengeneza programu iliyokuja kuitwa SCORE, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa ikitoa kurasa kwa mashine ya kuchora kwa kalamu. Smith aliwatazama wachongaji wa zamani na kujaribu kugeuza mazoea ya macho yao kuwa namba. Aliyetumia SCORE aliandika namba za mahali pa kila kitu, na matokeo yalikuwa mazuri kiasi kwamba wachapishaji wakubwa waliing'ang'ania kwa miaka mingi baada ya programu rahisi zaidi kutokea.

Mambo matatu yalikutana katikati ya miaka ya 1980: kompyuta ya mezani yenye picha kwenye skrini, printa ya leza, na lugha ya PostScript iliyowezesha upinde wowote kuchorwa bila ngazi za nukta. Mwaka 1986 Adobe ilitoa Sonata, fonti ya nota iliyobuniwa na Cleo Huggins. Ile mihuri ya chuma ya Walsh sasa ilikaa kwenye diski. Miaka miwili baadaye ikaja Finale, programu iliyoandikwa hasa na Phil Farrand. Iliweza karibu kila kitu, na kila kitu kilikuwa na kifaa chake, menyu yake na ukurasa wake kwenye vitabu vinene vya maelekezo.

1993–2019: Partitura na karatasi zinakuwa kitu kimoja

Ben na Jonathan Finn, mapacha wa Kiingereza, walianza kuandika programu yao wakiwa wanafunzi. Sibelius ilitoka mwaka 1993 kwa kompyuta za Acorn, zilizopatikana hasa shuleni Uingereza, na mwaka 1998 ikafika kwenye Windows. Mvuto wake ulikuwa kasi: ongeza kipimo kimoja mwanzoni, na partitura nzima inajipanga upya mbele ya macho yako.

Hata hivyo ule ugonjwa wa zamani ulibaki. Ukimaliza partitura, uliiamuru programu itoe karatasi za wapigaji, nayo ikatoa mafaili thelathini yaliyojitenga. Mtunzi akibadilisha nota moja baada ya mazoezi, ilibidi ibadilishwe mara mbili, kama enzi za Wolanek. Mwaka 2005 Sibelius 4 iliondoa mpaka huo: karatasi ya klarineti ikawa dirisha jingine la faili lile lile, na sahihisho la upande mmoja likaonekana upande wa pili papo hapo. Finale ikafuata muda mfupi baadaye. Sijui badiliko lolote tangu Petrucci lililopunguza makosa kuliko hilo, ingawa halikupigiwa kelele nyingi nje ya fani.

Wengine walihangaikia sura ya ukurasa. Waholanzi Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, walioona kurasa za kompyuta ni baridi zikilinganishwa na chapa za mabamba, walianzisha LilyPond mwaka 1996. Mtumiaji anaandika nota kwa maandishi matupu na programu inachonga yenyewe. MuseScore ya Mjerumani Werner Schweer, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2011, ni ya bure, na ndiyo iliyo kwenye kompyuta za walimu wengi wa kwaya wa Tanzania wanaotumiana nyimbo za PDF kwa WhatsApp.

Mwaka 2012 Avid, iliyokuwa imeinunua Sibelius, ilifunga ofisi ya London na kuachisha kazi waliokuwa wakiiunda. Steinberg ya Ujerumani ikawachukua, na chini ya Daniel Spreadbury wakaanza upya kabisa. Dorico ilitoka Oktoba 2016. Toleo la tatu, mwaka 2019, lilijifunza kuunganisha filimbi ya kwanza na ya pili kwenye safu moja ya partitura huku kila mpigaji akibaki na karatasi yake, kazi iliyokuwa ikiwala wanakili siku nyingi.

Kilichobaki kwa binadamu ni upangaji na uchapaji wenyewe. Wakutubi wa okestra, walioungana katika chama cha MOLA tangu 1983, wana mwongozo mkali: mistari mitano ya mpigaji isiwe chini ya milimita 7 kwa kimo, pa kugeuza pawe penye kimya, karatasi iwe nzito isiyoonyesha nota za nyuma. Programu huweka mambo hayo karibu na sawa, na hiyo "karibu" ndiyo inayoumiza. Fidla ya pili ikiwa na vipimo viwili tu vya kunyamaza katikati ya ukurasa, mpangaji anaweza kuamua kuacha sehemu ya chini ya ukurasa wa kulia tupu ili ugeuzaji uangukie hapo. Kisha faili linapelekwa steshenari. Partitura imepangwa kwa A3. Mchapaji hana A3, anaibana iingie A4, na mistari ya milimita 7 inatoka ikiwa na milimita 5. Kwenye mwanga wa jukwaa, mwongozaji mwenye umri wa miaka sitini haoni kitu.

2024

Tarehe 26 Agosti 2024, kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba Finale haitaendelezwa tena, ikawashauri watumiaji wake wahamie Dorico kwa bei nafuu. Nyuma ya tangazo hilo kulikuwa na zaidi ya miaka 35 ya mafaili: opera, simfonia, muziki wa filamu, misa za parokia. Njia ya kuyahamisha ni MusicXML, lugha ya kubadilishana iliyobuniwa na Michael Good mwanzoni mwa karne hii. Inabeba vizuri nota, maneno na alama za sauti. Mapambo ya ukurasa inayabeba nusunusu. Waliokuwa na makabati yaliyojaa mafaili ya Finale walianza kuyafungua moja baada ya jingine, wakihifadhi PDF ya kuchapia na MusicXML ya kuhamishia. Upande wa pili nota hufika salama, na mpangaji huanza tena kutafuta mahali ambapo fidla ya pili itapata nafasi ya kugeuza ukurasa.